Tundu la milimita 10

Shafti ilifika bado inanuka dagaa. Mwenyewe aliipandisha begani kutoka ziwani hadi kwangu, huku juu Igogo, Mwanza, ambako hata bodaboda anakuuliza mara mbili kabla ya kukubali nauli. Akailaza kwenye benchi, akasema shida yake kwa pumzi moja: tundu la milimita 10, litoke upande wa pili, la pini ya propela. "Jioni naifuata, fundi. Usiku tunaingia majini."

Nikamwambia ahesabu imekwisha. Kazi ya nusu saa.

Biti yangu ya milimita 10 nilikuwa nimeinoa siku mbili kabla, kwa mkono, kwenye grenda ya mezani. Kwa macho ilikuwa kali, na ukiipitisha kwenye kucha inakwaruza. Nilipoishusha kwenye chuma, mdomo mmoja, yaani makali ya upande mmoja wa ncha, ukatoa msokoto mrefu unaong'aa, kama ganda la chungwa linalomenywa na mtu asiye na haraka. Mdomo wa pili ukatoa unga. Hapo ndipo fundi mwenye akili anazima mashine. Mimi nikaongeza mkono.

Shafti ile ilikuwa ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, na stenlesi haipendi kusuguliwa. Ikikatwa inakatika, lakini ukiisugua bila kuikata, ngozi yake inakuwa ngumu palepale, na mzunguko unaofuata unakuta ugumu kuliko uliotangulia. Biti ikaanza kulia. Mafuta yakafuka. Mama watoto akachungulia na kuuliza kama kuna kitu kinaungua, nikamjibu hakuna. Nilipotokea upande wa pili na kuingiza pini, ikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nikapima kwa venia: 10.4.

Kwenye bawaba ya mlango wa choo, milimita 0.4 si kitu. Kwenye propela, pini inagonga kila mara injini inapoongezwa moto, na tundu linazidi kulika. Halafu kuna jambo baya zaidi: mvuvi anabeba pini za akiba za saizi ya dukani. Ikikatika saa nane za usiku huko katikati ya ziwa, nani atamkerezea nyingine ya 10.4? Nilikereza pini nne za saizi hiyo ya aibu nikampa zote bure. Akazipokea, akazipindua kiganjani, akaniuliza kwa upole unaouma kuliko tusi: "Si tulisema kumi, mjomba?"

Asubuhi nilikuwa fundi. Jioni nimekuwa mjomba.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Biti ina midomo miwili. Ncha yake ya kawaida ina pembe ya digrii 118, yaani kila mdomo umelala digrii 59 kutoka kwenye mhimili wa biti. Nyuma ya mdomo chuma kinapaswa kushuka kidogo, digrii 10 hadi 12 hivi, la sivyo kisigino kinagusa kazi kabla ya makali na biti inabaki kusugua. Pembe ya ncha ukiikosea kidogo utasamehewa, maana biti ya digrii 115 itatoboa tu. Lakini midomo isipolingana urefu hakuna msamaha. Ncha inahama kutoka katikati, mdomo mrefu ndio unaochora duara, na tundu linatoka kubwa kuliko biti yenyewe. Mdomo mfupi unabaki msindikizaji.

Wapo mafundi wanaoweka midomo hiyo sawa kwa mkono mtupu. Nimewaona Nyakato: biti inaguswa jiweni, inapinduliwa, inaguswa tena, huku mwenyewe anaongea habari za mpira. Mkono ule unapatikana kwa kunoa biti elfu. Mimi mchana nimeajiriwa kwenye mambo ya umeme, banda ni la jioni na Jumapili, na biti elfu sitazifikisha. Nikaamua kujenga kitu cha kushika badala ya mkono wangu.

Nasisitiza kushika. Mtu akisikia mashine ya kunolea anafikiria jiwe na mota. Jiwe na mota nilikuwa navyo tayari, na ndivyo vilivyonitia aibu. Jiwe linakula chochote unacholipelekea, liwe na pembe nzuri au mbaya. Kilichokosekana ni kitu cha kukamata biti, kuilaza kwenye pembe moja, kuipeleka, kuirudisha, kuipindua nusu duara na kuipeleka tena kwa njia ileile.

Wenzetu wanaochonga mitambo nyumbani huko Uingereza walishapita hapa zamani. Profesa Dennis Chaddock wa Loughborough alisanifu miaka ya 1970 mashine ya kunolea ambayo mtu angeweza kuijenga kwa lezi, yaani mashine ya kukerezea, ndogo ya nyumbani, akaiita Quorn, jina la kijiji cha mkoani Leicestershire. Lezi yangu ni Myford, imetoka Beeston karibu na Nottingham, si mbali na kijiji hicho, kwa hiyo nilijiona kama jamaa wa ukoo. Kisha nikaangalia picha. Quorn inafanana na darubini iliyooana na cherehani: mikono, mipira, mizani ya digrii kila kona. Inanoa karibu kila kitu kinachonoleka. Naiheshimu sana, na siwezi kuijenga. Nina wasiwasi kwamba wako walioianza wakiwa na biti butu kumi na kuimaliza miaka kadhaa baadaye wakiwa na biti butu hamsini.

Yangu ilianzia kwenye mota ya pampu ya maji iliyoungua, nusu hosipawa, niliyoisukisha waya upya mjini. Kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Spindeli, shafti inayobeba jiwe, niliiweka peke yake, inavutwa kwa mkanda, ili mtikisiko wa mota usifike moja kwa moja kwenye jiwe. Beringi mbili za saizi ya 6203, zile zenye mpira pande zote mbili, kwa sababu vumbi la jiwe likiingia kwenye beringi ya wazi umeshajinunulia nyingine. Nyumba ya beringi ni bomba nene la chuma. Hapo nitajisifu kidogo, maana sifa nyingine ni chache: vikao vyote viwili vya milimita 40 nilivikereza bila kulifungua bomba kwenye chaki ya lezi, yale makucha yanayoshika kazi. Ukilifungua na kuligeuza upande, hata kama una mkono wa malaika, vikao havitaangaliana, beringi zitabishana na spindeli itapata homa.

Siku ya kwanza kuwasha, nati ya jiwe ilifunguka yenyewe.

Nilikuwa nimesimama pembeni, jambo nililofundishwa zamani: jiwe linapoanza kuzunguka hakuna kukaa mbele yake kwa dakika nzima. Nikasikia mlio unabadilika, nikazima, nikakuta nati imetembea karibu nyuzi mbili. Mota ilikuwa inazunguka kinyume. Jiwe zito likianza kuzunguka ghafla, nati inataka kubaki nyuma. Mzunguko ukiwa sahihi, kule kubaki nyuma kunaikaza. Ukiwa kinyume kunaifungua. Ndiyo maana grenda ya mezani yenye mawe mawili ina uzi wa kushoto upande wa kushoto, kitu nilichokuwa nakijua tangu chuoni, nikakitamka kwenye mtihani nikapata alama, na bado nikakisahau siku ya haja. Nikageuza ncha za waya wa kuanzishia, mota ikageuka, cheche zikashuka chini zinakotakiwa.

Usinielewe kuwa naogopa ovyo. Jiwe la kipenyo cha milimita 150 kwa mwendo huo, ukingo wake unakwenda mita 22 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 80 kwa saa, mwendo wa basi la Shinyanga, ila basi hili ni la kauri na liko sentimita 30 kutoka kwenye kidevu chako. Kabla ya kulifunga, ninalining'iniza kwenye kidole na kuligonga taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Mama zetu hawanunui chungu sokoni bila kukigonga, na sababu ni hiyohiyo: kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Kinga ya jiwe nimeikata kwenye bomba la inchi nane la chuma nene. Kwa mafundi bati wa Makoroboi, mtaa uliopewa jina na koroboi zilizokuwa zikitengenezwa pale kwa makopo, nilichukua bomba la kunyonyea vumbi tu. Fundi aliponiambia anaweza kunifanyia na kinga kwa bei nzuri, nilimshukuru. Bati ni la vumbi. Kipande cha jiwe kinataka kitu kingine cha kukizuia.

Tuje kwenye mwamba.

Anayeijua Mwanza anajua kwamba milimani kwetu hatuhamishi mawe, tunajenga kuyazunguka. Banda langu lina mgeni wa kudumu, jiwe la itale lililochomoza sakafuni hadi usawa wa goti, juu limelala karibu sawa. Miaka yote nilikuwa nalitukana kwa kunilia nafasi. Sasa likanijia wazo. Vyumba vya vipimo huko duniani vinanunua meza za itale kwa bei ya gari, kwa sababu itale haishiki kutu, haipindi na ina uzito wa kutuliza mtikisiko. Mimi ninayo ya bure, na mizizi yake inaenda nisikojua. Nilitoboa matundu manne kwa drili ya nyundo, Jumapili tatu, nikaua biti za zege sijui ngapi, nikafunga kitako cha mashine moja kwa moja kwenye mlima. Nilijiona nimempiku profesa. Nikapiga picha.

Nikanoa kisu cha lezi cha kwanza. Uso wake ukatoka na mawimbi madogo, kama mchanga wa ufukweni ziwa linapotulia. Ukipitisha kucha inaruka-ruka.

Mwamba haukuwa na kosa, ila haukuwa na msaada pia. Nilitumia wiki mbili nzima kukaza bolti zilizokuwa zimekaza, kwa sababu sikutaka kukubali kwamba lile wazo langu zuri lilikuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kama mtikisiko unazaliwa kwenye jiwe la kunolea lenyewe, unaweza kulifunga juu ya Kilimanjaro na bado litacheza. Hatimaye nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikaizungusha spindeli kwa mkono na saa ya kupimia ikiegemea shafti: sindano haikusogea zaidi ya sehemu moja ya mia ya milimita. Nzuri. Nikalisogezea jiwe kipande cha chaki ya kuandikia ubaoni likiwa linazungushwa kwa mkono, polepole, mpaka likagusa. Chaki iliandika upande mmoja tu.

Tundu la jiwe lilikuwa milimita 32 kasoro kidogo, mwisho wa shafti yangu 16, na katikati kulikuwa na zile pete za plastiki zinazouzwa pamoja na jiwe, zinaingia moja ndani ya nyingine kama sufuria za mama lishe. Kila pete ina kaulegevu kake. Jumlisha zote, jiwe linakaa pembeni. Nikakereza bushi moja ya alumini kuziba nafasi yote, inayoteleza kwa vidole bila kulazimishwa, kwa sababu jiwe halilazimishwi kuingia. Flenji, sahani za kubana jiwe, mbili za kipenyo sawa, zimechimbwa katikati ili zibane kwa ukingo, na karatasi laini kati ya flenji na jiwe. Kisha nikalichonga uso kwa ncha ya almasi mpaka likawa duara kweli. Kazi ya jioni moja. Mawimbi yakaisha.

Mashine bado imekaa juu ya mwamba. Hakuna tena sababu, lakini hizo Jumapili tatu sizirudishi.

Kishikio ndicho kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote, na nitakieleza kwa sababu ndicho mashine yenyewe. Ni kijigari kinachoteleza kwenye nguzo mbili, juu yake kuna mfereji wa umbo la V ambamo biti inalala, na mfereji unazunguka kwenye bolti moja ili uufunge kwenye digrii 59 au unayotaka. Nyuma ya biti kuna skrubu ya kuzuia isirudi. Kwa kupindua nilitumia gia ya meno 60 iliyokuja na lezi, zile za kubadilishia wakati wa kukata uzi. Kipini chenye springi kinaangukia kati ya meno. Biti ya midomo miwili, unahesabu meno 30. Endimili, kile kisu cha kuzunguka cha kuchongea, ya meno manne, 15. Ya matatu, 20. Mwanangu wa darasa la tano ndiye anayenihesabia, na anakosea mara chache kuliko mimi.

Pembe ya kuegama nyuma ya makali sikuihangaikia kwa protrakta. Jiwe ni duara, basi ukipeleka makali juu kidogo ya usawa wa kitovu chake, lenyewe linakata kwa kuegama. Unachukua nusu kipenyo cha jiwe, unazidisha kwa saini (sine) ya pembe, ile ya hesabu. Jiwe langu lina nusu kipenyo cha milimita 75: kwa digrii 6 za kisu cha lezi, napandisha milimita 7.8, kwa digrii 12 za biti, 15.6. Baada ya hapo napandisha zaidi, kama 32, kuondoa kisigino. Nina vipande vya chuma nilivyokata kwa vimo hivyo, naviweka chini ya kijigari, basi. Ila jiwe linapungua kadiri linavyotumika. Likifika nusu kipenyo cha 65, kile kipande cha 7.8 kinakupa karibu digrii 7. Kwa kisu haidhuru, lakini nimeandika ukutani ili nisije nikashangaa.

Kuhusu rangi za mawe nitasema machache, maana dukani watakuuzia lolote. La kijivu linalokuja na grenda ni gumu mno kwa kazi hii, linaziba na kuanza kung'aa na kuchoma. Kwa biti na visu vyenye muhuri wa HSS, chuma cha kukatia kwa kasi, natumia jeupe, chembe 80. La kijani ni la kabaidi, ile metali ngumu sana ya kukatia. La almasi pia ni la kabaidi, na ukilipelekea chuma kikavu kwa mwendo mkubwa unaliharibu, kwa sababu almasi ni kaboni tupu na chuma cha moto kinapenda kaboni. Na hiyo HSS ikigeuka bluu kidogo usiitupe. Ilibuniwa hasa ili iendelee kukata ikiwa imeiva kwa joto, watu waliishangaa kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Kinachoharibika kwa bluu ni chuma cha kawaida cha kaboni, kama patasi na visu vingi vya jikoni. Kuichovya HSS kwenye maji ikiwa ya moto sana ndiko kunakoweza kuipasua nyufa usizoziona.

Nimetaja visu vya jikoni kwa makusudi. Habari zilishuka kilima kwamba kuna mashine ya kunolea, na wiki hiyohiyo nikaletewa visu vya kupasulia sangara kutoka soko la samaki la Mwaloni, mapanga mawili na mkasi wa saluni. Nimevikataa vyote. Kisu chembamba kwenye jiwe kavu la mwendo huu kinapoteza ugumu kabla hujapepesa jicho. Nawaelekeza kwa yule kijana wa baiskeli anayepita na jiwe mbele ya usukani, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka polepole, maji yanadondoka kutoka kwenye chupa. Wengine wananuna, wanaona najidai. Shauri yao.

Kitu kingine ambacho sikukipanga: vumbi. Vumbi la jiwe ni jiwe, na likikaa kwenye reli za lezi pamoja na mafuta, umetengeneza sabuni ya kula chuma. Banda langu ni dogo. Kwa sasa Myford inalala imefunikwa kitenge cha zamani cha mama watoto, mashine ya kunolea iko upande wa mwamba karibu na mlango, na sinoi upepo unapotoka ziwani. Kunoa ubavu wa endimili, yale makali yaliyojikunja kama ngazi ya mnara, bado sijakuweza. Kunahitaji kidole cha kuongoza jino huku kifaa kinateleza na kuzunguka kwa pamoja. Kidole hicho nimekichonga kutoka kwenye kipande cha msumeno wa chuma uliokatika, kipo kwenye droo. Ncha za endimili nanoa.

Mvuvi alirudi mwezi uliopita na shafti nyingine, ndugu wa ile. Sikutegemea. Nikaomba anisubiri, nikainoa biti mbele yake: meno 30, pitisha, pindua, meno 30, pitisha. Ilipoingia kwenye stenlesi, misokoto miwili ikapanda kwa pamoja, kulia na kushoto, imelingana, na hakuna kilichofuka. Nikapima: 10.05. Pini nikaiweka mdomoni mwa tundu, nikaisukuma kwa dole gumba, ikaingia taratibu ikikwama kidogo kama inavyotakiwa.

Hakuangalia tundu. Alikuwa anaangalia mwamba.

"Hili jiwe umelifunga bolti ili lisiondoke?"

Nikamwambia ni habari ndefu.

"Haya, mjomba. Shilingi ngapi?"